Maswali ya wasomaji: Kinga ikizidi ukali, nani anaituliza?

Haya wapendwa, tangu tuandike mambo ya chanjo maswali ya kinga hayaishi, yanaingia usiku yanaingia alfajiri, na mengi ukiyachuja yanauliza kitu kilekile, mwili unajuaje cha kupiga na cha kuacha. Nimechukua sita. Wale mlionitumia picha za vipele mnataka nitaje dawa na dozi, hapana jamani, hiyo kazi ni ya mtu anayekuona ana kwa ana.

SWALI: Shikamoo. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24, mwaka jana aligundulika ana lupasi na yuko kwenye dawa. Kuna mama hapa mtaani anauza unga wa miti shamba wa kuongeza kinga, anadai lupasi inakuja kinga ikishuka. Nimeshanunua kopo moja. Nimpe? – Dada mtu, Nyakato

Marahaba. Usimpe.

Huyo mama kaigeuza lupasi miguu juu kichwa chini. Lupasi sio kinga kushuka, ni kinga kukosea adui. Inatengeneza kingamwili zinazokamata vitu vya mgonjwa mwenyewe, mpaka DNA iliyoko kwenye viini vya seli zake, alafu yale mabonge yanaenda kukwama kwenye figo, kwenye viungo, kwenye ngozi, ndo unaona mtu anavimba miguu, vidole vinakaza asubuhi, usoni linatoka baka limetanda mashavu yote mawili. Kwenye kila wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, tena wengi wa umri wa kuzaa kama huyo mdogo wako. Dawa anazomeza kazi yake ni kuituliza hiyo kinga. Sasa we upande wa pili unamkorogea unga wa kuipandisha, kama unga haufanyi kitu umetupa hela yako, na kama unafanya kweli hapo ndo pabaya zaidi. Kuna mimea kama ekinasia na alfalfa inajulikana kabisa kuhusishwa na lupasi kuamka. Kwenye kopo lako kuna nini? Hata muuzaji sidhani kama anajua.

Ila barua yako ina swali jingine ndani yake hujaliuliza, nalo ndo tamu: kwa nini mi na wewe hatuna lupasi?

Watu wengi wanadhani kwa mtu mzima wa afya kinga imekaa tu inasubiri vijidudu vije. Wala. Seli T, zile zinazosaka seli zilizoingiliwa na virusi na kuziamrisha seli nyingine, kila moja inazaliwa na kipokezi chake kilichoungwa kwa kubahatisha, hamna aliyekipangia kitambue nini, kwahiyo lazima ziwepo ambazo kipokezi chao kinashika vitu vya mwili wenyewe. Kila mmoja wetu anazo. Nyingi zinaishia kwenye thaimasi, tezi iliyoko kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, pale seli T changa zinaonyeshwa vipande vya protini za mwili mzima, hata insulini ambayo inatengenezwa kongosho, na ile inayong'ang'ania inauliwa palepale. Ila mchujo huo unavuja. Zinazoponyoka zinaingia kwenye damu na kutembea, na kitu kinachozizuia huko nje ni seli T za aina nyingine kabisa, seli T za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao.

Hizi zimekuja kukubalika kwa tabu sana. Mjapani Shimon Sakaguchi alikuwa anafuatilia jambo la ajabu, panya akitolewa thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, kinga haipungui kama ulivotegemea, inageuka na kuanza kula viungo vya panya mwenyewe. Akiwarudishia seli T za panya mzima, wanapona. Mwaka 1995 akaonyesha ni seli T zipi hasa zinazofanya hiyo kazi. Huko Marekani nako Mary Brunkow na Fred Ramsdell walikuwa na panya wa ukoo mmoja, madume yanazaliwa na ngozi ya magamba, wengu limevimba, yanakufa baada ya wiki chache. Wakachuja kromosomu X mpaka wakabaki na jeni 20, wakazipima moja moja, kosa likaja kuonekana kwenye ile ya 20, ya mwisho kabisa (mimi ningeshakata tamaa kwenye ya 12). Jeni hiyo ndo FOXP3, ikatangazwa 2001, na baadae ikajulikana ndo inayozifanya seli T za udhibiti ziwe zilivyo. Watoto wa kiume wanaozaliwa na FOXP3 mbovu wanapata kisukari wakiwa wachanga, kuharisha kusikokoma, ngozi inawaka yote, na bila kupandikizwa uboho wengi hawafiki mbali. Oktoba 2025 hao watatu wakapewa Nobel ya tiba. Ramsdell hata hakujua, alikuwa milimani na mkewe, simu haina habari na mtu.

Kwahiyo rudi kwa mdogo wako. Tatizo lake liko huko kwenye kutuliza, ndo maana neno kuongeza kinga kwake halina maana. Dawa asiache, na kama kwenye dawa zake kuna prednisoloni asije akaikata ghafla hata akijisikia mzima, mwili unaweza kuzimika. Jua la mchana alikwepe, kofia pana na mikono mirefu, lupasi inaamshwa na jua. Mkojo upimwe kila kliniki kuangalia protini maana figo inaharibika kimyakimya. Na kopo lako nenda nalo kliniki, mwonyeshe daktari.

SWALI: Mimi ni mfugaji, Misungwi. Wazee wetu wanasema ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, yule jike usimtegemee kwa uzazi. Kijana wangu aliyesomea mifugo anacheka, anasema imani za kizamani. Nani mkweli?

Wazee, mzee wangu. Na huyo kijana arudishe ada.

Natania, ila kweli ni kwamba ndama jike aliyezaliwa pamoja na dume, zaidi ya 9 kati ya 10 ni tasa. Kwenye tumbo la ng'ombe kondo za pacha huwa zinaungana mishipa, damu inapita huku na huku, homoni za yule dume zinafika kwa jike mapema na via vyake vya uzazi havikui vizuri. Mnaweza kumnenepesha na kumuuza, kumsubiri azae ni kumaliza majani.

Sasa kwa nini barua ya ng'ombe nimeiweka kwenye mambo ya kinga. Mwaka 1945 bwana mmoja anaitwa Ray Owen, wa Wisconsin huko Marekani, alikuwa anapima makundi ya damu ya ng'ombe, akakuta pacha wana damu mchanganyiko, ndama huyu ana chembe zake na ana chembe za mwenzie, na sio kwa siku mbili tatu, wanakua nazo mpaka wazima. Ukichukua damu ya ng'ombe mmoja ukampa mwingine hivihivi mwili unaikataa. Hawa hawakatai, kwa sababu walikutana na hiyo damu wakiwa tumboni, kinga bado changa inajifunza wa kwetu ni nani. Macfarlane Burnet wa Australia akaishika hiyo habari akajenga nadharia, alafu 1953 Peter Medawar na wenzie Uingereza wakafanya makusudi, wakachoma seli za panya wa ukoo mwingine kwenye vijusi vya panya, walipozaliwa na kukua wakabandikwa ngozi ya ule ukoo na wakaipokea. Burnet na Medawar wakachukua Nobel 1960. Owen aliyeanzia zizini hakupewa kitu, mi hilo huwa linaniuma mpaka leo.

SWALI: Mambo vipi. Nasoma sayansi ya maabara hapa Mwanza. Kwenye notisi zetu eksosomu zimepewa sentensi mbili tu. Ni uchafu wa seli au ni ujumbe? Na zinahusiana nini na hiyo kutuliza kinga?

Poa sana mdogo wangu, swali lako nimelipenda, na usiwalaumu sana walioandika notisi maana hata waliozigundua walianzia kwenye uchafu.

Mwaka 1983 makundi mawili, moja Saint Louis Marekani na moja Montreal Kanada kwa Rose Johnstone, walikuwa wanaangalia chembe nyekundu za damu zikiwa bado changa. Chembe nyekundu ikikomaa lazima iondoe vitu ambavyo haivihitaji tena, kimojawapo ni vipokezi vya kubebea chuma. Wakaona haivichomi ndani, inavitoa nje vikiwa kwenye vifuko vidogo mno. Ndani ya seli kuna kifuko kikubwa, ukuta wake unabonyea kwa ndani na kukatika unatengeneza vifuko vidogo vingi, alafu kile kikubwa kinaenda kuungana na ukuta wa seli na kumwaga vidogo vyote nje. Hizo ndo eksosomu. Upana wake ni kama nanomita 30 mpaka 150. Chembe nyekundu moja ina upana wa nanomita 7,000 na kidogo, kwahiyo hadubini yako ya darasani hata uikodolee macho mpaka jioni huoni kitu, inatakiwa ya elektroni. Na kuzipata unazungusha sampuli kwenye mashinepewa, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi, kwanza taratibu seli zikae chini, unachukua maji ya juu, unazungusha tena kwa nguvu zaidi mabaki yashuke, mwisho kabisa nguvu mara 100,000 ya mvutano wa dunia kwa zaidi ya saa nzima, ukitoa mrija chini kuna kidoa ambacho mara nyingi hata hukioni. Hicho ndo mzigo.

Kwa zaidi ya miaka kumi karibu kila mtu akasema takataka, tuendelee na mengine. 1996 Graça Raposo na wenzie wakaonyesha seli B za kinga zinatoa eksosomu zilizobeba antijeni (vipande ambavyo kinga inavitambua) juu yake, na seli T zinaitikia kama zimeonyeshwa na seli nzima. Hapo watu wa kinga wakageuza shingo. 2007 kundi la Jan Lötvall huko Gothenburg, Sweden, likakuta ndani kuna RNA, yani nakala za maagizo ya jeni, zikiwemo zile fupi zinazoitwa maikro-RNA, na RNA iliyotoka seli moja ikiingia seli nyingine inafanya kazi kule. Yani seli moja inaweza kubadilisha tabia ya jirani bila hata kumgusa.

Fikiria mzigo unaompa kondakta wa basi la Bukoba: ndani umeweka unachojua wewe, juu umeandika jina la mpokeaji, na mtu asiye na jina hilo stendi haupokei. Eksosomu ndo hivo, protini za juu ya ukuta wake zinaamua itanasa kwenye seli gani, na ndani kuna mzigo wenyewe.

Seli T za udhibiti zinatumia njia nyingi kutuliza, zinatoa intalukini-10 (kemikali ya ujumbe ya kutuliza), zinanyonya intalukini-2 inayokuza seli T ili wenzao wakose, zinagusana na seli za dendriti, zile zinazozionyesha seli T adui ni nani, na kuzipunguza makali. Eksosomu ni njia mojawapo, sio mbadala wa hizo nyingine. 2013 ilionyeshwa kwamba eksosomu zao zina kimeng'enya CD73 juu yake, hicho kinatengeneza adenosini pale ilipo, na seli T ikikutana na adenosini inapoa. 2014 wengine wakaonyesha kwa panya kwamba zinabeba maikro-RNA inayoitwa Let-7d, inaingia kwenye seli T za mashambulizi, zinaacha kuzaana hovyo na kumwaga intaferoni gama, kemikali ya kuchochea kinga. Watafiti wakaziharibu hizo seli za udhibiti zisiweze kutoa eksosomu, na ghafla zikashindwa kuzuia ugonjwa wa utumbo kwa panya. Hiyo ndo jaribio la kulikariri kwa mtihani, maana kuona kitu kipo ni jambo moja, kukiondoa na kuona mambo yameharibika ni jambo jingine.

Na usidhani kila eksosomu inatuliza. Seli ya dendriti iliyokomaa na kuamshwa inatoa eksosomu zinazoamsha kinga, mpaka zimejaribiwa kwa wagonjwa wa saratani. Changa ambayo haijaamshwa inaelekea upande wa kutuliza, panya waliopandikizwa moyo wakipewa hizo za mtoaji kabla, moyo unadumu zaidi. Saratani nayo imeshajua mchezo, 2018 ilionyeshwa kwamba saratani ya ngozi inayoitwa melanoma inamwaga eksosomu zenye PD-L1 kwenye damu, zinazinyamazisha seli T kabla hata hazijafika kwenye uvimbe. Sentensi mbili hazitoshi, ukweli.

SWALI: Mi nauza dagaa, nimezaliwa na kukulia Ukerewe, majini tangu mtoto. Juzi walikuja kupima nikakutwa na kichocho cha tumbo. Mbona sijawahi kuumwa? Kuna mgeni mzungu alikuja na mradi akaoga ziwani siku moja tu, wiki kadhaa mbele homa kali, wakasema kichocho. Yeye siku moja mi miaka 30. Na kama mwili umeshazoea, yale madonge ya vidonge ya nini?

Kaka, kwenye maswali yote ya mwezi huu hili lako ndo lingenifanya nipande ile meli ya asubuhi nije tuongelee kwenye mchanga.

Homa ya mgeni ina jina, homa ya Katayama, jina limetoka Japani. Inakuja kama wiki mbili mpaka nane baada ya maji. Minyoo michanga imepenya ngozi, inasafiri kwenye damu, inakua, inaanza kutaga, na mwili ambao haujawahi kuona kitu hicho unalipuka, homa, kikohozi, mwili kuwasha, tumbo. Anayemuumiza pale kwa kiasi kikubwa ni kinga yake mwenyewe. Kwa wenyeji ni nadra kuiona. Moja ya maelezo ni kwamba mama mwenye kichocho antijeni za mnyoo zinavuka kondo la nyuma, kwahiyo mtoto wa visiwani kinga yake imeshatambulishwa kwa mnyoo kabla hata hajaliona ziwa. Umesoma jibu la mzee wa Misungwi hapo juu? Ni ndugu wa jambo hilohilo.

Baada ya hapo mnyoo mwenyewe anachapa kazi. Dume na jike wanakaa wamekumbatiana kwenye mishipa ya damu ya utumbo, jike amelala kwenye mfereji wa mwili wa dume, ndani ya damu yako, yani katikati kabisa ya kinga inapopita kila sekunde, na wanaishi hapo kwa kawaida miaka 3 mpaka 10, wengine wamegundulika kwa watu walioondoka eneo la kichocho zaidi ya miaka 30 nyuma. Ngozi yake anaibadilisha mara kwa mara na anajibandika alama za damu yako mwenyewe. Alafu anasukuma kinga yako kuelekea kwenye utulivu, seli T za udhibiti zinaongezeka, intalukini-10 inapanda. Na eksosomu anazo pia, vifuko vyake vinatoka na protini na maikro-RNA za mnyoo, na utafiti uliotoka 2020 ulizikuta hizo maikro-RNA za mnyoo ndani ya seli T za panya walioambukizwa, zikifanya kazi ya kufifisha ule mwitikio ambao ndo hasa wa kupambana na minyoo. Mi nilipoisoma mara ya kwanza nilibaki nimeshika kichwa. Mdudu hana ubongo wa kutajika lakini anaingiza maagizo kwenye seli za mwenye nyumba kwa njia ileile ambayo seli zenyewe zinatumia.

Sasa vidonge. Kukaa kimya kwa kinga hakukuponyi, kunamweka mnyoo. Na mnyoo sio shida kubwa, shida ni mayai. Jike mmoja anaweza kutaga mpaka 300 kwa siku, kama nusu yanatoka na choo, nusu yanabaki. Nenda siku moja maabara wakionyesha slaidi, kinyesi kinachujwa kwenye wavu, kinajazwa kwenye kitundu cha kipimo, kinafunikwa na karatasi ya selofani iliyolowekwa gliserini ya kijani, wanageuza wanabonyeza, wanasubiri, alafu unaangalia: yai kubwa, refu, rangi ya manjano hivi, na ubavuni lina mwiba. Mwiba kabisa. (Lile la kichocho cha mkojo mwiba wake uko kwenye ncha.) Sasa hilo ndo linasukumwa na damu mpaka kwenye ini na kukwama. Kinga inakuja kulizungushia ukuta wa seli, ni sahihi kufanya hivo maana yai linatoa sumu, lakini ukuta unaacha kovu, na ukiwa na maelfu kwa maelfu ya makovu damu inashindwa kupita ini, wengu linavimba, mishipa ya koo inajaa, siku inapasuka mtu anatapika damu. Nyie wa visiwani hao watu mnawajua, mnasema karogwa.

Kwahiyo meza. Kula kwanza, prazikwanteli ni chungu na tumbo tupu inasumbua. Mayai mapya yakipungua hata ini lililoanza kuharibika linaweza kupata nafuu. Ila dawa inaua minyoo mizima, michanga mingi inapona, na ukirudi majini unapata mingine, ndo maana watu wa afya wanarudi na ile fimbo yao ya kupimia urefu mnaona kama wanawasumbua. Choo pia, konokono wa ziwani anayelea minyoo michanga hapati vimelea kama kinyesi hakifiki ziwani, hapo tusidanganyane, kambi nyingi za dagaa choo ni nyuma ya mawe.

Najua kuna msomaji ataniuliza, si basi minyoo wapewe wenye kinga kali? Imejaribiwa, wagonjwa wa utumbo wa Crohn wakanyweshwa mayai ya minyoo ya nguruwe, majaribio makubwa hayakuonyesha faida. Watafiti sasa wanachungulia yale mnyoo anayomwaga badala ya mnyoo mwenyewe, hapo angalau kuna mantiki.

SWALI: Mimi mkunga mstaafu, Sengerema. Miaka yote najiuliza, mtoto nusu yake ni baba. Mama huyohuyo akiwekewa figo ya huyo mume, bila dawa mwili unaitupa. Mbona mtoto miezi tisa anakaa?

Shikamoo mama. Medawar yule wa panya aliuliza hivohivo 1953, kwahiyo uko na watu wazito.

Kwanza damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki ovyo. Pili seli za kondo la nyuma zinazogusana na mama hazivai zile alama za kawaida zinazotofautisha mtu na mtu, zinavaa alama ya HLA-G ambayo inatuliza. Tatu seli T za udhibiti zinaongezeka kwa mjamzito, na panya wakiondolewa hizo seli mimba ya dume wa ukoo mwingine inaharibika. Na kondo lenyewe linamwaga eksosomu mfululizo kwenye damu ya mama, baadhi zimebeba protini kama FasL ambazo zikikutana na seli T iliyopandwa na hasira zinaiambia ijiue. Mama akijifungua, maziwa nayo yana eksosomu, watafiti wa Sweden walionyesha 2007 kwamba kwenye maabara zinaongeza seli T za udhibiti. Hilo la maziwa bado ni la maabara zaidi kuliko la mtoto mwenyewe, nakwambia nisije nikasikia linahubiriwa kliniki kama limeshathibitika.

Figo haina hata kimoja cha hivyo vyote. Ndo maana tangu Muhimbili waanze kupandikiza figo 2017 wagonjwa wanameza dawa za kushusha kinga maisha yao yote. Kwenye vituo kadhaa Ulaya na Marekani wamejaribu kumpa mgonjwa seli T za udhibiti zilizokuzwa maabara ili dawa zipunguzwe, wanaendelea.

SWALI: Mambo! Kuna saluni hapa Ilemela wanachoma eksosomu usoni kuondoa makovu ya chunusi, laki tatu na nusu kwa mara moja. Wanasema hata baridi yabisi ya mama inapona nazo maana zinatuliza kinga. Niende?

Poa. Hapana.

Sio kwamba eksosomu ni uongo, umeshasoma hapo juu. Ni kwamba chupa iliyoandikwa eksosomu haijakwambia kitu. Za seli gani? Za mmea, za mtu, za ng'ombe? Seli moja ikiwa imelala inatoa za kutuliza, ileile ikiamshwa inatoa za kuchochea, na mama yako mwenye baridi yabisi, ambayo nayo ni kinga kushambulia viungo, unataka umbahatishie? Marekani Desemba 2019 mamlaka yao ya dawa, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kudhurika na bidhaa zilizouzwa kama eksosomu. Mpaka naandika hapa hawajaidhinisha hata moja kama tiba. Hapa kwetu dawa ya sindano lazima iwe imesajiliwa na TMDA, mwambie mwenye saluni akuonyeshe usajili, na akuambie seli iliyozitoa. Akianza kukuonyesha picha za kabla na baada kwenye simu, chukua mkoba wako.

Chunusi nenda kwa daktari wa ngozi. Mama mpeleke hospitali mwezi huu kabla vidole havijapinda, baridi yabisi ikiwahiwa kuna methotreksati, kidonge cha mara moja kwa wiki, kipo miaka mingi na bei yake haikaribii hata robo ya hiyo laki tatu na nusu, ila atatakiwa kupimwa ini na damu kila baada ya muda na asimeze kila siku, wapo waliokosea hapo wakadhurika.